Kikapu cha Mama na Mlango wa Mgeni

Jua la Bariadi halichelewi. Saa moja asubuhi, likiwa limekwisha kupanda juu ya mapaa ya bati, sisi akina mama tumeshashika njia ya sokoni, kikapu mkononi na mtoto mgongoni. Tunakwenda kununua nyanya, vitunguu, dagaa na mafuta ya kupikia. Lakini kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote, tunaamkiana. "Mwangaluka, mayu," anasema mama muuza mboga, nasi tunaitikia, "Mwangaluka." Kisha anauliza habari za nyumbani, za baba, za watoto, za shamba, na za ng'ombe kama wapo. Bei huja baadaye. Anayeanza na bei hata kabla ya salamu huonekana kwamba hakulelewa vizuri, au kwamba ametoka mbali.

Pale pale mbele ya mafungu ya nyanya ndipo tunapopata habari za mji. Fulani amejifungua salama. Mzee wa mtaa wa pili amelazwa hospitali. Binti wa jirani ameletewa barua ya posa. Kuna msiba, na mazishi ni kesho saa nane. Tulikwenda kununua vitunguu vya mboga ya siku moja, tunarudi na safari tatu za kufanya: kumwona mzazi, kumjulia hali mgonjwa, na kukaa na wafiwa. Na kila safari kati ya hizo ina kitu chake cha kubeba. Kwa mzazi huendi bila sabuni au unga wa uji. Kwa mfiwa huendi bila unga, kuni au mchango.

Hivyo ndivyo kikapu cha mama kinavyofungamana na ujirani katika mji mdogo kama wetu. Ni jambo jema, na hatungetaka liishe. Hata hivyo, ndugu msomaji, kuna mzigo mmoja unaojificha chini ya wema huo, ambao wengi wetu tunaubeba kimya kimya. Tumeona mwezi huu tuuzungumze waziwazi. Mzigo huo ni deni la dukani, hasa lile tunalolichukua kwa ajili ya wageni.

Fedha inayokuja mara moja kwa mwaka

Kwa wasomaji wetu wa mbali, Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Mkoa una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Jina lake limetokana na Mto Simiyu, unaopeleka maji yake Ziwa Victoria. Wenyeji wengi ni Wasukuma, wakulima na wafugaji, na zao lao kuu la biashara ni pamba.

Pamba hupandwa mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba na Desemba. Hupaliliwa, hunyunyiziwa dawa, na huchumwa kwa mikono. Msimu wa kuuza hufunguliwa karibu na mwezi wa Mei. Maana yake ni kwamba nyumba nyingi hushika fedha nyingi mara moja tu kwa mwaka, halafu hukaa miezi mingi zikingoja tena. Hata sisi tusiolima, wenye duka, genge, cherehani au mshahara, tunaishi kwa kalenda hiyo hiyo. Pamba ikilipwa, mji huchangamka: kanga mpya, mabati, baiskeli, harusi. Pamba isipolipwa, hata muuza vitumbua hurudi na nusu ya beseni.

Wengi hatujasahau mwaka 2019. Bei elekezi ilikuwa Sh 1,200 kwa kilo. Mazao yalipokelewa kwenye vyama vya ushirika vya msingi, lakini bei ya pamba katika soko la dunia ilikuwa imeshuka, na wanunuzi walisita. Wakulima wengi walikwisha kupima pamba yao na bado wakakaa muda mrefu wakingojea malipo. Nyumba ilikuwa na stakabadhi lakini haina fedha. Na watu waliokuwa nje ya nchi yetu kabisa, wakivutana juu ya biashara zao, wakawa wamegusa sufuria ya mama wa Bariadi bila kumjua.

Hebu tufanye hesabu ndogo ya nyumbani. Tuseme familia imelima ekari mbili, na imepata kilo 500 za pamba. Kwa bei ile ya Sh 1,200 inapata Sh 600,000, hata kabla ya kutoa gharama za dawa na vibarua. Ukizigawa kwa miezi 12 unapata Sh 50,000 kwa mwezi, ambazo ni kama Sh 1,640 kwa siku. Humo mna sabuni, chumvi, mafuta, matibabu, na sare na madaftari ya watoto. Kweli, tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, lakini mtoto haendi shule bila viatu. Humo pia mna michango ya harusi na misiba. Na humo ndimo anamoingia mgeni.

Simulizi ya mwenzetu

Katika jumuiya yetu ya akina mama tuna desturi ya kukaa kidogo baada ya sala na kuzungumza mambo ya nyumbani. Siku moja mwenzetu mmoja alitusimulia jambo lililompata mwaka ule wa 2019. Ametupa ruhusa tuliandike, ila jina lake tunalihifadhi.

Mama mkwe wake na shangazi wa mumewe walipiga simu kutoka Meatu kwamba wanakuja kuwasalimu na kumwona mjukuu mpya. Wangekaa siku nne. Mwenzetu huyu alifurahi, na papo hapo akaogopa. Ndani alikuwa na unga wa mahindi, choroko, karanga kidogo, na mfuko mzima wa matobolwa aliyoyaanika mwenyewe. Akajiuliza, "Sasa mama mkwe atakula viazi vikavu mjini? Atarudi kwao aseme nini?"

Alimtuma mtoto dukani na daftari la mkopo. Kilo tano za mchele. Sukari. Mikate. Soda kwa kila mlo. Siku ya pili nyama. Siku ya tatu kuku wa kununua, kwa sababu aliona aibu kumchinja yule mwenye vifaranga. Siku ya nne, wageni wakifunga safari, akakopa kanga jozi mbili za kuwaaga. Hesabu ya daftari ikafika Sh 86,000. Mumewe hakuambiwa. "Nilisema moyoni kwamba pamba ikilipwa nitalipunguza taratibu, hatajua," alitueleza.

Pamba haikulipwa haraka. Mwenye duka, ambaye naye alikuwa na madeni yake mjini Mwanza, alingoja mwezi wa kwanza, akangoja wa pili, na wa tatu akaja nyumbani. Aliyemkuta mlangoni ni baba watoto.

"Mama watoto, hili deni ni la nini?" mume aliuliza mgeni yule alipoondoka.

"Ni la mama yako," alijibu kwa hasira.

Jibu hilo, alisema, ndilo lililomuumiza mumewe kuliko fedha. Siku tatu nyumba ilikuwa kimya. Mume alikata hesabu: Sh 86,000 kwa bei ya Sh 1,200 ni zaidi ya kilo 71 za pamba. Ni mgongo ulioinama kutwa nzima, siku baada ya siku, na vidole vilivyochomwa na vikonyo vya pamba. Yote hayo yalikuwa yameliwa kwa siku nne.

Baada ya mavuno yaliyofuata walikwenda Meatu kusalimia. Mama mkwe aliwapikia michembe kwa karanga, akawapa maziwa ya mgando. Mwenzetu alipoisifu, mama mkwe akacheka, akasema, "Mwanangu, nilipokuja kwako nilitamani sana matobolwa. Niliuona mfuko pale pembeni. Lakini nilinyamaza, nikadhani unayaweka kwa ajili ya biashara."

Tulicheka wote katika jumuiya aliposema hivyo. Halafu kicheko kikakatika, kwa kuwa kila mmoja wetu alikumbuka daftari lake.

Aibu inatoka wapi?

Tujiulize kwa nini tunakopa soda wakati ndani mna chakula. Mama mkwe hakuomba soda. Shangazi hakuomba mkate. Aliyeomba ni hofu yetu wenyewe, hofu ya kusemwa. Tunataka mgeni arudi kwao akasema kwamba tumefanikiwa mjini. Basi tunamlisha sura ya nyumba yetu tuitakayo, na siyo nyumba yetu yenyewe.

Mababu zetu hawakuwa wachoyo wa wageni. Walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hao hao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili hazigombani. Ya kwanza inafungua mlango, na ya pili inamfanya mgeni awe mtu wa nyumbani. Mgeni aliyeshika jembe, au aliyekaa jikoni akichambua choroko pamoja nawe, hahitaji soda kila mlo. Amekwisha kuwa ndugu.

Maandiko nayo yanatupa picha nzuri. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, Ibrahimu aliketi mlangoni pa hema wakati wa joto la mchana, akaona wageni watatu. Alikimbia kuwalaki. Sara alikanda unga, ndama akachinjwa, siagi na maziwa vikaletwa. Ilikuwa karamu hasa. Lakini tazameni, akina mama: unga ulikuwa wa Sara, na ndama alitoka katika zizi lao. Hakuna aliyetumwa kukopa. Walitoa vilivyo bora katika walivyokuwa navyo, na walivitoa kwa haraka na kwa furaha. Wafugaji wa Simiyu wanaielewa sura hiyo bila kuhitaji mfasiri.

Na yule mjane wa Sarepta, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 17, alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo tu. Hakumficha nabii hali yake. Alimweleza ukweli, kisha akagawana naye. Kusema ukweli kuhusu chungu chetu si kumvunjia mgeni heshima.

Ghala la mwenye busara

Baada ya simulizi ile jumuiya yetu ilikubaliana mambo kadhaa ya kujaribu majumbani. Hayakuwa makubwa, lakini yametusaidia, nasi tunayaweka hapa ili msomaji achague yanayomfaa.

La kwanza ni kuweka akiba ya chakula wakati wa wingi. Viazi vitamu vinapokuwa vingi na bei iko chini, wakati wa kiangazi chenye jua kali, tunarudia kazi ya mama zetu. Kwa michembe, viazi humenywa vikiwa vibichi, hukatwa vipande vyembamba, na huanikwa juani mpaka vikauke kabisa na kulia vikigongana. Kwa matobolwa, viazi huchemshwa kwanza, hukatwa, ndipo vikaanikwa. Majani ya kunde nayo hukaushwa yakawa nsansa. Vyote huwekwa mahali pakavu, penye hewa, mbali na panya. Miezi ya njaa, kabla mazao mapya hayajaiva, vyakula hivi hutuokoa. Na michembe iliyopikwa kwa karanga ni chakula cha heshima mezani. Tuache kukiita chakula cha shida.

La pili ni konzi ya mgeni. Kila tunapochota unga wa kupika, tunarudisha konzi moja katika chombo cha pembeni. Choroko na karanga vivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, nasi tumeshangaa kuona kwamba baada ya wiki chache chombo kinatosha kumlisha mgeni wa siku mbili bila kugusa fedha. Mgeni asipokuja, chombo hicho huenda msibani au kwa mzazi.

La tatu ni kujua vipimo. Wengi wetu tunauza kwa jumla na kununua kwa rejareja, na humo ndimo tunamopotezea. Tunapouza choroko au mahindi, mnunuzi hutaka debe lililojaa mpaka kilima, au gunia la lumbesa, ambalo sheria ya vipimo inalikataza. Tunaponunua, tunapimiwa kisado kilichokatwa sawasawa, au kopo lililobonyea. Visado vitano vya lita nne vinajaza debe moja la lita ishirini. Basi, kabla ya kununua kisado kimoja leo na kingine kesho, tuulize bei ya debe na tulinganishe. Mara nyingi majirani wawili au watatu wakichanga fedha wakanunua debe au gunia moja na kugawana, kila mmoja anabaki na kitu. Na tunapouza, tuuze kwa mizani.

La nne ni siku ya mnada na gulio. Hizi ni siku za furaha, tena kuna vitu vya bei nafuu: vyungu, mikeka, mitumba, kuku, samaki kutoka ziwani. Lakini ni siku za kushawishika pia. Tumezoea sasa kwenda na orodha fupi, na fedha ya orodha hiyo tu. Anayejua kuandika anamwandikia jirani yake asiyejua.

Daftari lisomwe na wawili

Jambo la tano ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kusoma daftari la duka pamoja na baba watoto. Kukopa dukani si dhambi. Katika mji unaopata fedha kwa msimu, mwenye duka anayekukopesha sukari mwezi wa Februari ni jirani mwema. Ubaya unaanza pale deni linapofichwa. Mwenzetu alituambia kwamba kama angemwambia mumewe siku ile simu ilipopigwa, huenda mume mwenyewe angesema, "Mama anapenda matobolwa."

Sisi tumechagua siku moja kila mwezi. Chakula cha jioni kikiisha na watoto wakilala, daftari linaletwa. Tunasoma kilichokopwa, tunasema ni kwa nini, na tunaamua kitakachoingojea pamba na kitakacholipwa sasa. Mwanzoni wengine tulitetemeka. Baba mmoja naye, kwa kuona mkewe amesema ukweli, alikiri deni lake la kinywaji ambalo mke hakulijua. Usiku ule, alitueleza mkewe, walilia, kisha wakasali.

Akina baba wanaosoma gazeti hili kwa kuchungulia, nanyi mtusaidie. Mnapowaalika ndugu zenu, mtuambie mapema, na mtuulize ndani mna nini. Mama wa nyumba asijue ujio wa wageni sita kwa kusikia pikipiki zikizima uani. Zamani mgeni alikuja bila taarifa kwa kuwa hakukuwa na njia ya kuitoa. Siku hizi simu iko mfukoni, na barabara ya lami inatuunganisha na Lamadi upande mmoja na Maswa upande mwingine. Ndugu wa Mwanza anaweza kuja na kurudi siku hiyo hiyo. Wageni wameongezeka, lakini kikapu hakijapanuka.

Tahadhari ya mikopo mibaya

Tungekuwa hatuwatendei haki wasomaji tusipotaja mikopo ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Mkopeshaji hutoa fedha kwa haraka, bila maswali mengi, halafu hutaka marejesho kila siku au kila wiki pamoja na riba kubwa. Ukishindwa, hubeba televisheni, godoro, hata sufuria. Wapo akina mama waliochukua mikopo hiyo kwa ajili ya sare za harusi au chakula cha wageni, bila mume kujua, wakaishia kukimbia nyumba zao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Tuulize leseni, na tusome mkataba, au tusomewe na mtu tunayemwamini, kabla ya kuweka dole gumba.

Njia bora zipo. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo wengi tunaviita VICOBA, vinatokana na mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE kwa akina mama wa vijijini nchini Niger mwaka 1991. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana fedha zao wenyewe, na sanduku hufungwa kwa kufuli tatu, funguo zikikaa kwa watu watatu tofauti. Faida hubaki kwenu. Vikundi vingi huwa na mfuko wa jamii pia, wa kumsaidia aliyefiwa au kuuguza. Vilevile halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Mkiwa na kikundi kilichosajiliwa, nendeni mkamwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

Mikono mingi, sufuria moja

Kitu kimoja hatukutaka kukigusa katika makubaliano yetu, nacho ni misiba na magonjwa. Hapo hatupunguzi. Mtu akifa katika mtaa, akina mama hukusanyika na unga, kuni na ndoo za maji. Wapo wa kusonga ugali, wapo wa kuchambua mboga, wapo wa kukaa tu na mfiwa wakimshika mkono. Hakuna anayeulizwa dini yake wala kabila lake. Na tazameni, hakuna anayekopa peke yake ili kulisha watu wote wale. Kila mmoja huleta kidogo alicho nacho, na watu mia wanakula.

Tukajiuliza: kama tunajua kufanya hivyo siku ya huzuni, kwa nini tusifanye hivyo siku ya furaha? Sasa mwenzetu akipata wageni wengi, huwaambia majirani wawili. Mmoja huleta mtindi, mwingine mboga. Wiki nyingine zamu ni ya mwingine. Mgeni anawakuta akina mama watatu wakicheka jikoni, na husimulia kwao kwamba ndugu yao anaishi na watu wema. Sifa hiyo haiuzwi dukani.

Mwaka huu mama mkwe yule alikuja tena kutoka Meatu. Alileta kuku mmoja na kisado cha dengu. Mwenzetu alimpokea, akampigia goti kwa heshima kama ilivyo desturi, akamwandalia matobolwa na maziwa siku ile ile ya kwanza. Siku ya tatu mama mkwe mwenyewe aliomba jembe, wakaenda pamoja kupalilia bustani ya mboga. Huko bustanini, mbali na masikio ya watu, mama mkwe alimweleza kwamba yeye naye, alipokuwa bibi arusi, aliwahi kuuza kwa siri mbuzi wa mumewe ili awakarimu wakwe zake. Hakuwahi kumwambia mtu. Mwenzetu naye akamweleza habari ya zile Sh 86,000. Walikaa chini ya kivuli wakacheka mpaka machozi.

Alipoondoka hakukuwa na kanga mpya. Alifungiwa mfuko wa nsansa na karanga za kukaanga. Kituoni, kabla ya kupanda gari, alimshika mkwewe mikono yote miwili. "Wabeja, mayu," alisema. Na daftari la dukani, siku ile, halikuwa na mstari mpya hata mmoja.